Ndege wa Yuster na Mluzi wa Kishapu

Rozina alishuka kwenye bodaboda akiwa amelikumbatia boksi la sabuni lililokuja na basi la Mwanza, kama mtu aliyebeba kichanga. Njia nzima kutoka stendi ya Biharamulo hadi Nyamahanga alikuwa akimkanya dereva: "Baba, taratibu. Hapo kuna shimo. Na pale mbele kuna jingine."

"Mama, kwani umebeba mayai?" kijana aliuliza huku akifungua kamba ya kizimba cha waya kilichofungwa nyuma.

Ndani ya boksi kitu kilikuwa kikikwaruza, halafu kinanyamaza, na kila kiliponyamaza Rozina aliinamisha sikio.

Jirani yake Speciosa alikuwa amekwisha kufika uani, mikono kiunoni. Speciosa alikuwa Mhangaza wa Mabawe aliyeolewa huku, na tangu Rozina na marehemu mumewe Maduhu walipohamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wao, wanawake hao wawili hawakupitisha siku bila kutaniana.

"Fungua tuone," alisema. "Kama ni kuku wa Mwanza, mimi naomba kifaranga."

Hakuwa kuku. Alikuwa ndege mdogo wa kijivu, mkia mrefu, uso wa njano, na kwenye kila shavu duara la rangi ya chungwa kama amepakwa kwa kidole. Kichwani alikuwa na kishungi, na kishungi hicho kilikuwa kimesimama wima.

"Yesu na Maria!" Speciosa alimaka. "Huyu amevaa kofia!"

Simu iliita wakati huohuo. Alikuwa Yuster, kitinda mimba wa Rozina, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani kwa familia moja huko Mwanza. Familia hiyo ilikuwa inahama nchi. Ndege walikuwa wamemnunua karibuni tu, hata hajazoea watu, wakamwachia Yuster. Naye mwenye nyumba alikopanga hakutaka ndege.

"Ni jamii ya kasuku, mama. Wanamwita kokateli. Jina lake Koko. Nitunzie mpaka nipate chumba kingine. Mfuge, mzoeshe watu. Usimwache afe, mama."

"Hafi," alisema Rozina. Alipokata simu alimhamishia ndege kizimbani.

Mambo yalikuwa hivi. Baada ya kumzika Maduhu, Yuster alikwenda Mwanza na simu zake zikawa zinapungua kama maji ya kiangazi. Mwanzo alipiga kila Jumapili baada ya kanisa. Baadaye ikawa mwezi unapita. Alipopiga alikuwa na haraka: "Hamjambo mama, nipo kazini, nitakupigia." Rozina alikuwa amejifunza kulala na simu kifuani, kuiangalia kama ina chaji, kuuliza watu kama mtandao upo. Lakini jioni ile ya kwanza Yuster alipiga tena. "Koko amekula?" Kesho yake akapiga tena, na kesho kutwa. Kila jioni jua likianza kushuka, simu ililia. Rozina hakuwa mjinga. Alijua ni nani anayepigiwa. Ndege akifa, simu nazo zinakufa.

Na ndege hakutaka kula.

Alikaa pembeni kabisa mwa kizimba, kishungi juu, akitoa sauti ya kufoka kama maji yaliyomwagikia makaa. Rozina alimwekea pumba, akamwekea wali, akamwekea ulezi alioletewa na Speciosa. Mkono ukikaribia, ndege alirukaruka akigonga waya mpaka manyoya yanadondoka. Rozina alikusanya yale manyoya, akayaficha ndani ya kikombe kabatini, kama vile Yuster angeweza kuyaona kwenye simu.

Alikaa juu ya kigoda akimtazama na kufikiri. Kufuga alikujua. Amekulia Kishapu, kwa baba aliyezaa mabinti watupu, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mchungaji wa nyumba, na fimbo yake begani kama mvulana. Maksai mpya unamzoeshaje? Kwanza unampa jina unalolijua wewe, siyo la mnadani. Pili unampa chumvi kiganjani, ailambe, ashike harufu yako. Tatu unamfunga nira moja na maksai wa zamani aliyetulia, watembee pamoja, mpya ajifunze kwa mzee.

Basi akaanza na jina. Koko halikuwa jina. Alimwita Meneja, jina la maksai aliyekuwa akiongoza plau ya Maduhu, dume la kijivu lenye nundu iliyosimama. Kisha akachota chumvi kidogo, akaipitisha mlangoni mwa kizimba kwenye kiganja, akatulia kama jiwe.

Meneja alisogea. Kwa mara ya kwanza alisogea! Alidonoa chumvi, akadonoa tena, na Rozina alikaribia kulia kwa furaha.

Mchana ndege alikunywa maji yote kikoponi. Akaongezwa, akayamaliza. Alasiri alikuwa chini kwenye sakafu ya kizimba, amejikunyata, manyoya yamefura, macho nusu wazi.

"Umempa nini?" Speciosa aliuliza.

"Chumvi."

"Chumvi! Nyie Wasukuma hata inzi akiingia nyumbani mtamtafutia zizi. Rozina, huyu ana uzito gani? Hiyo chumvi kwake ni gunia!"

Rozina alimpigia bwana mifugo. Bwana mifugo alicheka kwanza, akasema yeye ni wa ng'ombe na kuku, kasuku hawajui, lakini chumvi iondoke, maji safi yakae hapo muda wote, na aachwe atulie pasipo jua. Jua lilipoanza kushuka simu ya Yuster ikalia.

"Koko amekula?"

"Amekula," alisema Rozina. Uongo haukuwa. Kisha akakaa sakafuni karibu na kizimba akisali.

Asubuhi Meneja alikuwa juu ya kijiti chake, dhaifu lakini amesimama. Rozina hakumgusa. Alifagia polepole, akapika polepole, akawafukuza kuku kwa mkono badala ya sauti. Na hapo ndipo Mashimba alipopita.

Mashimba alikuwa mzee wa boma la jirani, naye mtu wa Kishapu, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote upande ule. Kila asubuhi alipitisha kundi nyuma ya nyumba kwenda malishoni, na jioni akalirudisha, akipiga mluzi. Mluzi wenyewe ulikuwa wa kwao wa zamani, wenye vipande viwili. Cha kwanza kinapanda: kifupi, kifupi, kirefu. Hicho kinawaambia ng'ombe wasimame, wakusanyike. Cha pili ni kirefu kinachoshuka: haya, twendeni.

Meneja aliposikia alinyoosha shingo. Kishungi kilipanda, siyo kwa hofu. Alitembea juu ya kijiti mpaka mwisho, akabandika shavu kwenye waya, akatoa sauti ndogo, nyembamba, ya kujaribu. Kundi lilipokwisha kupita alibaki vilevile, anasubiri.

Rozina aliweka ufagio chini. Alikuwa amelijua jibu kabla hajataka kulijua. Huyu hataki chumvi, wala ulezi. Huyu anataka mluzi.

Na yeye Rozina alikuwa hajapiga mluzi tangu aolewe.

Zamani, kabla ya hapo, nani alikuwa na mluzi kama wake! Baba yake ndiye aliyemfundisha, na kwenye kipande cha pili mzee alikuwa ameongeza kijimkia chake mwenyewe, sauti fupi inayoruka juu mwishoni, ili ng'ombe wake wasiufuate mluzi wa mtu mwingine. Maduhu alimsikia kabla hajamwona. Ilikuwa lamboni, wakati wa kiangazi, makundi mawili yamechanganyika majini, wachungaji wanapigizana kelele. Ukasikika mluzi kutoka upande wa pili, na ng'ombe wa baba yake Rozina wakanyanyua vichwa, wakajitoa mmoja mmoja, wakaenda zao. Maduhu aliuliza, "Kijana gani yule?" Wakamwonyesha binti mwenye fimbo. Haukupita muda wazee wa kwao wakaja kupiga hodi.

Lakini siku ya kwanza ya ndoa, mama mkwe alimwita jikoni akamwambia kwa upole kabisa: "Hapa mluzi ni wa wanaume na ng'ombe wao. Mwanamke akipiga mluzi, watu watasema nyumba haina mume." Rozina akaacha mluzi. Maduhu naye hakubishana na mama yake. Ila wakati mwingine, baada ya kuhamia huku, wakiwa shambani mbali na macho ya watu, Meneja yule mwenye nundu mbele ya plau, Maduhu alikuwa akipiga kipande cha kwanza halafu anageuka nyuma, anatabasamu. "Malizia basi." Naye anajifunika mdomo kwa khanga, anacheka, anatikisa kichwa. Hakumalizia hata siku moja.

Sasa Maduhu alikuwa nyuma ya migomba, chini ya msalaba wa saruji. Ng'ombe walikuwa wamegawanywa, Samweli mtoto wa kwanza akaenda na wake Geita. Katika zizi la zamani, juu ya samadi ya miaka yote ile, Rozina alikuwa amepanda maboga, na yalizaa kwa fujo kuliko popote pengine, yakapanda hadi juu ya nguzo. Akipiga mluzi sasa, watu watasema nyumba haina mume. Na itakuwa kweli.

Alifunga mlango. Akafunga na dirisha. Alikaa kwenye kigoda, akalamba midomo, akapuliza. Upepo mtupu. Akapuliza tena, ukatoka upepo na mate. Meneja alimtazama kwa jicho moja, halafu kwa lile jingine.

"Unanicheka?" Rozina alimwambia. "Ngoja."

Mara ya kwanza sauti ilipotoka ilimtisha mwenyewe. Ilikuwa ileile. Midomo ilikuwa imezeeka, lakini sauti haikuzeeka. Ilikuwa ya binti wa lamboni. Alipiga kipande cha kwanza, akapiga cha pili, na bila kufikiri akaweka kijimkia cha baba yake. Meneja alishusha kishungi taratibu, akafumba macho nusu, akaanza kusagasaga mdomo wake, sauti ndogo kama mtu anayesaga ulezi nyumba ya mbali.

Tangu hapo wakawa na kazi yao, mlango umefungwa. Rozina alipiga mluzi akiwa mbali na kizimba, kesho akasogea kidogo, kesho tena kidogo. Aliingiza kiganja chenye mtama bila kumtazama usoni, kwa sababu maksai mpya naye hapendi kukodolewa macho. Nira hakuwa nayo, na wala hapakuwa na ndege mzee wa kumfunga pamoja naye, hivyo akaamua ng'ombe wa zamani atakuwa yeye. Alikaa hapo akichambua maharage, akishona, akinung'unika habari za nyumba, mpaka ndege akaona kwamba huyu mtu ni sehemu ya mahali. Siku moja Meneja aliweka mguu mmoja kwenye kidole chake. Ulikuwa na joto. Akauondoa, akaurudisha na wa pili. Baadaye akawa anapanda begani, anainamisha kichwa akunwe, anachezea uzi wa khanga.

Na alijifunza mluzi. Alishika kipande cha kwanza tu: kifupi, kifupi, kirefu. Kisha ananyamaza, anamtazama Rozina, anasubiri cha pili na kijimkia chake. Akipewa, anatikisa mkia na kuruka begani. Asipopewa, anarudia mpaka apewe.

"Mama, Koko anaendeleaje?" Yuster aliuliza kila jioni.

"Anakula. Anakaa begani."

"Begani! Umefanyaje?"

"Nimemzoesha tu," alisema Rozina, na habari za mluzi hakuzitaja.

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa jioni, na ungo ndio uliosababisha. Speciosa aliingia bila hodi, kama kawaida yake, ungo wa karanga kichwani, akasukuma mlango uliokuwa umesahaulika bila komeo. Meneja alikuwa begani kwa Rozina. Aliona kitu kikubwa cha duara kikiingia juujuu, akapiga ukelele, akatoka kama jiwe la manati, juu ya ungo, juu ya maboga, juu ya zizi, hadi kileleni mwa mkaratusi ulio karibu na njia ya ng'ombe.

Rozina alitoka mbio bila viatu. Juu kabisa mwewe alikuwa akizunguka.

"Meneja! Meneja, shuka baba!"

"Ndiyo nini, unaita maksai?" Speciosa alikuja nyuma, karanga zikimwagika. "Ni mimi, Rozina. Ni mimi nimefanya. Muite vizuri!"

"Meneja! Koko! Ulezi huu hapa!"

Wapita njia walianza kusimama. Wanawake waliotoka kisimani wakatua ndoo. Ndege alikuwa doa la njano kati ya majani, kishungi juu, akigeuka huku na huku asijue alipo. Na vumbi lilikuwa linainuka mbele: Mashimba anarudisha kundi.

Hapo ndipo Meneja alipopiga mluzi. Kifupi, kifupi, kirefu.

Ng'ombe wa mbele wakasimama. Wa nyuma wakawagonga, nao wakasimama. Njia nzima ikajaa pembe.

"Twendeni! Mmesimamishwa na nani?" Mashimba alifoka. Akapiga kipande cha pili, kirefu kinachoshuka. Ng'ombe wakaanza kutembea. Juu ya mkaratusi ndege akasikiliza, hakusikia kijimkia, akarudia: kifupi, kifupi, kirefu. Ng'ombe wakasimama tena.

Watu waliangua kicheko. Mashimba alitazama juu, akatazama chini, akamwona Rozina.

"Mwadila, mayu," alimsalimia mama huyo kwa Kisukuma. "Huyu mchungaji wa kwenye mti ni wako?"

"Mwadila, baba. Ni wa Yuster. Nisamehe."

"Sasa mwambie aache ng'ombe wangu walale kwao!"

Akapiga tena, ng'ombe wakatembea, ndege akawasimamisha tena. Ndama wakaanza kulia wakiwatafuta mama zao. Mwewe alikuwa ameshuka mzunguko mmoja. Rozina alijifunika mdomo kwa khanga, akatazama nyuso za watu wote wale, ndoo zao, midomo yao iliyo wazi tayari kwa kicheko kingine. Alitazama kule kwenye migomba, ulikokuwa msalaba wa saruji. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na muda si mrefu simu mfukoni ingelia kuuliza kama Koko amekula.

Mashimba alishusha fimbo. Alikuwa ameacha kufoka. Alimtazama Rozina kama anayekumbuka kitu.

"Wewe ni binti wa mzee Malongo, siyo?" alisema. "Wa kule lamboni. Yule mzee mluzi wake ulikuwa na mwisho wa peke yake. Ndiyo anaousubiri huyu." Akasogea pembeni mwa njia, kama anayempisha mtu mwenye mzigo. "Basi malizia, mayu. Usiku unaingia."

Rozina aliondoa khanga mdomoni. Alipiga kipande cha pili, kirefu, kikashuka juu ya pembe zote zile, na mwishoni akarusha kijimkia cha baba yake juu, kikapanda hadi kwenye majani.

Hakuna aliyecheka. Ng'ombe waliinamisha vichwa wakaenda. Doa la njano liliachia tawi, likazunguka mara moja juu ya vumbi, likashuka kombokombo, likatua begani kwake na kucha zikashika nguo.

"Ee Mungu wangu," Speciosa alisema akijifuta macho kwa kiganja kilichojaa maganda ya karanga. "Miaka yote hii naishi na tarumbeta, sijui!"

Rozina alimfunika ndege kwa khanga, akamwingiza kifuani, akahisi moyo wake mdogo unavyokimbia. Wake nao ulikuwa unakimbia. Simu ikalia, naye akaipokea akiwa bado katikati ya njia, pumzi juu.

"Mama, Koko ame... Mama, kuna nini? Mbona kelele?"

Kutoka ndani ya khanga ndege alipiga mluzi wake. Kifupi, kifupi, kirefu. Rozina akacheka, na kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kumnyamazisha, akamalizia, simu ikiwa sikioni.

Rozina alifikiri mtandao umekatika.

"Yuster? Koko hajambo, amekula, yupo hapa na mimi."

"Mama, huyo aliyepiga mluzi wa pili ni nani?"

"Mimi."

"Wewe? Baba alikuwa akipiga ule wa kwanza shambani. Alikuwa anapiga, halafu anasimama tu, kama anasubiri kitu. Nilikuwa mdogo. Sikuwahi kujua anasubiri nini." Sauti ya Yuster ilikuwa imebadilika, haikuwa na haraka. "Umejifunzia wapi?"

"Kwa babu yako, Kishapu. Nilikuwa nachunga."

"Wewe ulikuwa unachunga ng'ombe? Mama, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nakuuliza sasa."

Vumbi lilikuwa linatua. Wanawake walikuwa wamejitwisha ndoo zao, na Speciosa alikuwa ameinama akiokota karanga moja moja. Rozina alitembea hadi kwenye zizi la zamani, akasogeza majani ya boga pembeni, akaketi juu ya nguzo iliyolala.

"Salio unalo?" aliuliza.

"Ninalo. Walikuwaje hao ng'ombe? Walikuwa na majina?"

"Wote," alisema Rozina. Meneja alitoa kichwa nje ya khanga. "Wa kwanza, aliyekuwa anatangulia majini, alikuwa jike jeusi lenye doa kwenye paji. Huyo ngoja nianze naye."